Manjano ya baba na manjano ya kaka hayatoki mahali pamoja

Swali lenyewe, kwa ufupi, ni hili. Baba wa msomaji, mwenye miaka 63, ana macho ya manjano kwa wiki ya tatu sasa. Mkojo wake una rangi ya chai iliyokolea, choo kimepauka mpaka kinakaribia kuwa cheupe, na usiku halali kwa kujikuna. Karatasi ya maabara inasema bilirubini yote, yaani ile rangi ya njano iliyomo kwenye damu, ni miligramu 9.6 kwa desilita, na kati ya hizo 7.8 ni "ya moja kwa moja". Kaka wa msomaji, miaka 24, naye macho humbadilika kidogo kila anapokaa na njaa muda mrefu au anaposhikwa na mafua. Yake ni 2.6, ya moja kwa moja 0.4 tu, mkojo hauna neno, na vipimo vingine vyote vya ini ni vya kawaida. Daktari amewaambia kuwa haya ni mambo mawili yasiyohusiana. Msomaji anauliza: inakuwaje rangi iwe moja na tatizo lisiwe moja? Mbona mkojo wa baba umebadilika na wa kaka haukuguswa? Na je, nyumbani watenganishe vyombo?

Daktari wenu yuko sahihi, na mkojo unamuunga mkono. Bilirubini iliyomjaa baba yako imeshapita ndani ya ini. Ini limeifanyia kazi yake, ila inaelekea imekosa pa kutokea. Ile ya kaka yako bado inasubiri kuingia kazini. Kwa jicho la mtu zote ni njano, lakini kwa figo ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu moja huyeyuka katika maji na nyingine haiyeyuki. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyoandikwa kwenye karatasi zao utayasoma mwenyewe.

Tuanze inakotoka. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka humezwa na seli walaji zilizoko kwenye wengu, ini na uboho, na himoglobini yake huvunjwa. Sehemu ya protini hurudishwa kuwa asidi amino zitumike tena. Kinachobaki ni himu, yaani pete kubwa ya kaboni na nitrojeni yenye chuma katikati. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha badiliko la kemia mwilini, kiitwacho himu oksijenesi huikata pete hiyo mahali pamoja tu, na hapo hutoka vitu vitatu: chuma, ambacho mwili hukitunza kwa uchoyo, kaboni monoksidi kidogo sana, ambayo tunaitoa kwa pumzi, na bilivedini, ambayo ni ya kijani. Kimeng'enya cha pili huigeuza bilivedini kuwa bilirubini, njano inayoelekea rangi ya chungwa. Mfululizo huu umeshauona kwa macho yako kila ulipogongwa na damu ikavilia chini ya ngozi: pale mahali huanza na zambarau, pakaingia ukijani, pakamalizikia na unjano. Ni vimeng'enya vilevile.

Mtu mzima hutengeneza miligramu 250 hadi 350 za bilirubini kila siku, akiwa mzima wa afya. Karibu asilimia 80 hutokana na seli nyekundu zilizozeeka. Iliyobaki hutoka kwenye seli changa zilizokufa ndani ya uboho kabla ya kuingia kwenye damu, na kwenye protini nyingine zenye himu, kama ile ya misuli na vimeng'enya vya ini lenyewe. Kwa hiyo bilirubini si sumu iliyoingia kutoka nje wala si ishara kwamba "damu imechafuka". Ni mabaki ya kila siku. Swali siku zote ni kwa nini leo yamerundikana.

Kuna jambo moja hapa ambalo mpaka leo hunifanya nitue. Bilivedini huyeyuka katika maji. Ndege na watambaao wengi huishia hapo, wakaitoa nje ilivyo. Sisi mamalia tunatumia nishati kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka, kisha tunatumia nishati zaidi kukifanya kiyeyuke tena ili kitoke. Maelezo yanayotolewa ni mawili. Kwanza, bilirubini hupenya kondo la nyuma kwa urahisi, hivyo mama huweza kuitoa kwa niaba ya mtoto aliye tumboni. Pili, kwa kiasi kidogo bilirubini hukinga seli dhidi ya madhara ya oksijeni. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha uwezo huo waziwazi.

Kwa nini haiyeyuki? Ukiitazama molekuli yake kwenye karatasi, utadhani ingeyapenda maji sana, kwa sababu ina mikono miwili ya asidi, na asidi za namna hiyo kwa kawaida huvutana na maji. Tatizo ni kwamba molekuli hujikunja katikati, na kila mkono ukaenda kushikana na upande wa pili kwa vifungo vya hidrojeni, sita kwa jumla. Sehemu zote ambazo maji yangezishika zimejificha ndani. Kilichobaki nje kinapatana na mafuta, na ndiyo maana bilirubini hii inaweza kupenya utando wa seli, hata wa ubongo ikiwa nyingi mno. Ili isafiri ndani ya damu, ambayo ni maji kwa sehemu kubwa, inabebwa na protini iitwayo albumini. Albumini ni kubwa. Chujio la figo zima haliipitishi. Kwa hiyo bilirubini iliyoshikana nayo haiingii kwenye mkojo, hata ikiongezeka. Hilo ndilo jibu la mkojo wa kaka yako.

Ikifika kwenye ini, bilirubini huachana na albumini na kuingizwa ndani ya seli. Humo kimeng'enya kiitwacho UGT1A1 huibandika asidi ya glukuroniki kwenye mkono mmoja, kisha mara nyingi na kwenye wa pili. Vile vifungo vya hidrojeni havina tena pa kushika, molekuli inafunguka, na sasa inayeyuka katika maji. Hii ndiyo bilirubini iliyounganishwa. Baada ya hapo pampu iliyo ukutani mwa seli, jina lake MRP2, huisukuma kwenye vijimrija vya nyongo. Katika safari nzima ndani ya ini, hatua ya pampu ndiyo ya polepole zaidi, na seli ya ini ikiugua ndiyo hulegea mapema. Seli huendelea kuunganisha bilirubini lakini haiwezi kuitoa, nayo hurudi nyuma kwenye damu. Kwa sababu hiyo mtu mwenye homa ya ini huwa na mkojo mweusi ingawa mirija yake ya nyongo iko wazi.

Nyongo humwagwa utumboni. Bakteria waliomo, hasa kwenye utumbo mpana, huiondoa ile asidi ya glukuroniki na kuigeuza bilirubini kuwa urobilinojeni, ambayo haina rangi. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 100, lakini kimeng'enya cha bakteria kinacholifanya kilitambuliwa mwaka 2024 tu, kikapewa jina BilR. Sehemu kubwa ya urobilinojeni hugeuka kuwa sterkobilini, inayokipa choo rangi yake ya kahawia. Sehemu ndogo hufyonzwa, ikarudi kwenye ini, na chembe yake hupitia figo na kuchangia unjano wa kawaida wa mkojo. Rangi ya choo na ya mkojo, zote mbili, asili yake ni damu iliyokufa.

Sasa lile jina la "moja kwa moja" ambalo huwachanganya wagonjwa. Halielezi ugonjwa, linaeleza tabia ya bilirubini kwenye chupa ya maabara. Mwaka 1916 daktari Mholanzi, van den Bergh, aligundua kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa wa manjano hubadilika rangi mara tu inapotiwa kemikali fulani, na ya wengine haibadiliki mpaka iongezwe alkoholi kwanza. Ya kwanza akaiita ya moja kwa moja. Ilichukua takriban miaka 40 kufahamika kwamba tofauti ni ile asidi ya glukuroniki. Majina ya zamani yakabaki, na mimi ningefurahi siku maabara zikiyaacha, kwani "iliyounganishwa" na "isiyounganishwa" zinaeleza kilichotokea.

Turudi kwa baba yako. Kati ya 9.6, iliyounganishwa ni 7.8, zaidi ya robo tatu. Inayeyuka katika maji, haikushikwa sana na albumini, basi imepita kwenye figo na kuutia mkojo rangi. Choo kimepauka kwa sababu bilirubini haifiki utumboni, na bakteria hawana cha kugeuza. Mwasho unatokana na vitu vingine vinavyosafiri na nyongo, zikiwemo chumvi zake, ambavyo navyo vimerudi kwenye damu. Yote matatu yakikutana, nyongo haitoki. Tazama pia namba za vimeng'enya vya ini kwenye karatasi yake: alkali fosfatesi na GGT zikiwa zimepanda sana kuliko ALT na AST, picha ni ya mrija kuziba. Zikiwa kinyume, picha ni ya seli za ini kuumia.

Kilichoziba ni nini, siwezi kukisema kwa barua, na yeyote atakayekuambia bila kipimo cha ultrasaundi anabahatisha. Huenda ni kijiwe kilichotoka kwenye kibofu cha nyongo kikakwama. Huenda mrija umebanwa na kovu, au na minyoo aina ya askaris. Huenda ni uvimbe wa mrija wenyewe au wa kichwa cha kongosho, ambacho mrija hupita ndani yake kabla ya kufika utumboni. Zipo pia dawa zinazozuia nyongo kutiririka bila mrija wowote kuziba, baadhi ya antibiotiki zikiwemo, kwa hiyo mwambieni daktari kila kidonge alichomeza miezi miwili iliyopita. Ultrasaundi huonyesha kwanza kama mirija imetanuka. Ikiwa imetanuka, kuna kizuizi mbele yake. Hukusema kama ana maumivu au kama amekonda. Watu wengi hufarijika kwamba manjano "hayaumi". Kwa mtu wa umri wake sifarijiki: kijiwe kwa kawaida huuma, na uvimbe wa kongosho unaweza kuziba mrija kimyakimya. Kama amepungua uzito, kipimo hicho kisisubiri wiki ijayo.

Kuna mambo mawili ya baba ya kuangalia mapema. La kwanza ni homa yenye kutetemeka. Nyongo iliyotuama huingiwa na bakteria, na manjano, homa na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia vikikutana ni dharura ya usiku uleule, si ya kesho asubuhi. La pili ni kuganda kwa damu. Vitamini K hufyonzwa pamoja na mafuta, na mafuta yanahitaji chumvi za nyongo. Nyongo isipofika utumboni kwa wiki kadhaa, ini hukosa vitamini ya kutengenezea protini nne za kugandisha damu. Ombeni kipimo cha kuganda kwa damu kifanywe kabla hajachomwa sindano ya kutoa kinyama wala kupasuliwa. Uzuri ni kwamba sindano ya vitamini K hurekebisha tatizo hili haraka kama ini lenyewe ni zima. Isiporekebisha, daktari anajua kuwa seli za ini ndizo zilizochoka.

Na siku mrija ukizibuliwa, msitishike macho yasiposafika kesho yake. Bilirubini iliyounganishwa ikikaa kwenye damu kwa wiki nyingi, sehemu yake hufungamana na albumini kwa kifungo kigumu cha kemia, tofauti na ule ubebaji wa kawaida nilioutaja. Sehemu hiyo haiondoki mpaka albumini yenyewe ichakae, na nusu ya albumini huchukua kama wiki tatu kuondoka. Mkojo utang'aa mapema, choo kitarudisha rangi, na macho yatabaki njano kwa muda. Familia nyingi hudhani hapo kuwa tiba imeshindwa.

Kwa kaka yako, 2.6 ambayo karibu yote haijaunganishwa ina maelezo mawili tu ya kawaida. Ama bilirubini inatengenezwa kwa wingi kupita kiasi, ama ile hatua ya UGT1A1 ni ya polepole. La kwanza ndilo la kuondoa kabla ya kutulia. Selimundu, upungufu wa kimeng'enya G6PD, malaria, na seli nyekundu zenye umbo la duara za kurithi, zote huvunja damu kabla ya wakati. Hesabu ya damu, idadi ya seli nyekundu changa, na vipimo viwili vya damu, LDH na haptoglobini, vitasema. Ini zima lina akiba kubwa ya kazi, hivyo damu ikivunjika peke yake, bila ini kuwa na kasoro, bilirubini mara chache hupita 5. Choo hakipauki, kinaweza hata kukolea, maana malighafi ni nyingi. Ila kuna mtego mmoja. Damu ikivunjika kwa kasi ndani ya mishipa, mkojo unaweza kuwa mweusi kwa himoglobini yenyewe. Kijiti cha kupimia mkojo hutofautisha. Na mtu ambaye damu yake huvunjika kwa miaka mingi hupata vijiwe vyeusi vya nyongo, kwa hiyo aliyeanza kama kaka yako anaweza siku moja kuugua kama baba yako.

Damu yake ikiwa haivunjiki, basi karibu kwa hakika ni hali ya Gilbert, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1901. Kasoro iko kwenye kiwashio cha jeni ya UGT1A1: herufi mbili za jeni, T na A, ambazo kwa kawaida hurudiwa mara 6, zimerudiwa mara 7. Jeni husomwa kwa uvivu, na kimeng'enya kinachopatikana kina nguvu ya kama asilimia 30 ya kawaida. Kinatosha kwa siku za kawaida. Njaa, homa, kukosa usingizi au kazi nzito huvuka kikomo chake, na macho husema. Hali hii haiharibu ini, haihitaji dawa. Jeni hiyohiyo ikiharibika kabisa ni habari nyingine: ugonjwa wa Crigler-Najjar, uliotambuliwa mwaka 1952, ambao huhatarisha ubongo wa mtoto tangu siku za kwanza.

Kuhusu vyombo: manjano hayaambukizi, ni dalili. Baadhi ya sababu zake ndizo huambukiza. Homa ya ini A na E huenea kwa maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi. B na C huenda kwa damu, na B pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Homa ya manjano, ambayo wengi huichanganya na dalili hii, ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Kwa picha ya baba yako sioni sababu ya kutenganisha sahani. Daktari akitaka, vipimo vya virusi huongezwa kwenye damu ileile iliyotolewa. Kwa kaka yako hata hilo halihitajiki.

Hukuuliza kuhusu watoto wachanga, lakini siwezi kupita bila kuwataja, kwa kuwa hakuna mahali kemia hii inaonekana vizuri kama kwao. Mtoto huzaliwa na UGT1A1 yenye nguvu ya takriban asilimia 1 ya mtu mzima, seli nyekundu nyingi zinazokufa mapema, na utumbo usio na bakteria wa kuigeuza bilirubini, ambayo hufyonzwa upya. Zaidi ya nusu huwa njano wiki ya kwanza. Mwaka 1956, kwenye hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi aliyependa kuwatoa watoto juani aliona kuwa ngozi iliyopigwa na mwanga ilipoteza unjano, na ile iliyofunikwa na shuka ikabaki nao. Sasa tunajua sababu: mwanga wa buluu huizungusha molekuli kwenye moja ya viungo vyake, vile vifungo vya hidrojeni vikaachia, nayo ikatoka kwenye nyongo bila kuhitaji asidi ya glukuroniki. Taa za hospitali hufanya kazi hiyo kwa kipimo. Kumweka mtoto dirishani si badala yake. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida hata kidogo. Na yakizidi siku 14, lazima ipimwe iliyounganishwa, kwa sababu mtoto asiye na mirija ya nyongo huhitaji upasuaji, na matokeo ni bora ukifanywa kabla ya siku 60.

Neno moja la kaka yako abaki nalo. UGT1A1 haishughulikii bilirubini peke yake. Irinotekani, dawa ya baadhi ya saratani, hutolewa mwilini kwa kimeng'enya hichohicho, na kwa watu wenye hali yake dozi ya kawaida inaweza kushusha seli nyeupe za damu kwa kiwango cha hatari. Atazanaviri, mojawapo ya dawa za VVU, hukizuia kimeng'enya hicho, na macho ya mtu kama yeye yangekuwa njano sana bila ini kudhurika. Aandikiwe hali ya Gilbert kwenye faili lake, na amwonyeshe kila daktari mpya pamoja na ile 2.6, ili asije akaanzishiwa upya uchunguzi wa ini kila akishikwa na mafua.